Mpira Ulioitika Sabasaba

Tarime nzima hakuna mwanamke anayeujua mpira wa miguu kama mimi. Nimeangalia mechi moja, na nusu yake nilikuwa nimelala kifudifudi kwa sababu ya mawe. Lakini hiyo moja niliiona vizuri, na yaliyotokea kabla na baada yake nimeambiwa na watu wanaopenda kusema.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata ule wa watu kuhamishiwa vijijini, Athanas fundi viatu alikaa kwenye baraza la duka la ujamaa la Nyaikondo, akishona mpira. Dukani kulikuwa na chumvi na majembe yasiyo na mipini, kwa hiyo barazani hapakuwa na msongamano. Ngozi alikuwa ameshaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa. Akaishona vipande vipande, akatia ndani kibofu cha mpira wa zamani, akapiga pampu ya baiskeli. Mpira ulipojaa, ukalia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Athanas akausikiliza, akalegeza kamba kidogo.

"Ulikuwa unabanwa," akasema, akaendelea na kiatu cha mtu mwingine.

Timu ya kijiji iliitwa Chapakazi. Ilikuwa daraja la tatu, na kama wilaya ingekuwa na daraja la nne ingekuwa huko. Madukani mipira haikuwepo. Jezi zilikuwa magunia ya pamba yaliyotobolewa mikono. Bwana mmoja wa ushirika aliombwa awe mfadhili, akatoa nasaha. Shida kubwa ilikuwa wachezaji, maana mzuri hakai. Joram, winga wa kulia, alimvunja refa taya, akafungwa. Huko gerezani wakaona anavyokimbia, wakamtia kwenye timu yao, na kifungo kilipokwisha akakataa kutoka, kwa kuwa kule walikuwa na viatu. Beki wa kati alivuka mto kwenda kuiba ng'ombe, akarudi amebebwa, mshale umeingia shingoni na kutokea upande wa pili. Walimzika na jezi yake baada ya kushindwa kuifua. Kipa alienda Nyamongo kuchimba dhahabu, shimo likamfunika. Yeye aliendelea kuja mazoezini kila jioni, udongo umemjaa masikioni, lakini mikono yake haikushika tena kitu, mipira ilimpita kama upepo. Wakamweka benchi.

Aliyebaki alikuwa Nyamhanga, mshambuliaji, mwana wa Boke.

Boke alikuwa mjane. Baba mkwe wake alikufa kwa panga, shemeji yake kwa mkuki, na mumewe Marwa aliuawa zizini wakati wa masika, akiwa ameshika mkia wa ng'ombe wake ambaye wezi walikuwa wanamvuta. Walimwambia aachie. Marwa akakataa. Wezi hawakuwa na muda wa kubishana, wakaukata mkono. Ng'ombe akaenda na ule mkono umeshikilia mkia, na Marwa akazikwa bila mkono wa kulia. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Sabasaba, kwa kuwa alizaliwa siku hiyo, redio ya jirani ikipiga kelele, na Boke hakuwa na jina jingine kichwani. Alimkamua yeye peke yake. Kwa mkono mwingine Sabasaba hakushusha hata tone.

Kijiji kilisema wezi ni watu wa Kebweye, ng'ambo ya mto. Kabla matanga hayajaanuliwa, vijana wakavuka, wakamkuta mtu anapalilia mtama, wakamkatakata pale pale kwenye tuta lake. Aliyewaongoza ni Hezekia, mwenyekiti wa kijiji. Aliwaongoza kwa maneno. Kwa miguu alibaki nyumbani.

Ni huyo Hezekia aliyejitolea kuwa mlezi wa Chapakazi. Ngozi ya mpira ilitoka kwake.

"Ng'ombe nilimnunua mnadani Mugumu," alimwambia Athanas.

Athanas hakuwa amemwuliza.

Mpira ukawa mzuri, ila ulitaka kuchungwa. Usipochungwa unalegea. Kwa hiyo kabla ya mazoezi vijana waliuacha kwenye kona ya uwanja, na kona hiyo ndiyo ikawa na nyasi fupi kuliko zote. Ukilia, waliuacha umalize. Boke hakuwahi kuuona wala kuusikia, kwa sababu uwanjani wanawake hawakuwa na shughuli.

Ndipo akaja Ambokile, Mnyakyusa mpole, afisa ustawi wa kiwanda fulani cha nguo huko ziwani, kutafuta mshambuliaji. Alimwangalia Nyamhanga jioni moja, akaahidi kazi, kitanda chenye godoro, na viatu viwili vinavyofanana. Boke akasikia, akaanza kufunga mzigo wa mwanawe. Lakini siku zile mtu hatoki kijijini bila karatasi ya mwenyekiti. Akaenda kwa Hezekia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama Nyamhanga. Najua ulichokujia. Haiwezekani. Mchezaji ni mali ya kijiji."

"Mwanangu si jembe la ushirika."

"Sote ni majembe."

"Wewe mpini wako mbona haujachakaa?" Boke akashusha pumzi, akaanza upya. "Mwenyekiti, kwangu wanaume wote wameondoka kwa chuma. Nataka mmoja afe kwa malaria, kama watu."

"Malaria hata hapa ipo," akasema Hezekia, akafunga mlango.

Siku ya Sabasaba Chapakazi walipangwa na Kebweye, mjini Tarime, kwenye uwanja ulio chini ya Bomani. Mapanga yaliachwa kwa askari pale mlangoni. Wenye soksi waliingia na marungu ndani ya soksi. Boke alikuja, kwa kuwa Ambokile alikuwa na neno la mwisho la kumwambia, akakaa upande wa wanawake. Kivuli kilikuwa kimoja tu, na ndani yake alishakaa Nyangi wa Kebweye, mke wa yule mtu wa mtama. Hawakusalimiana. Waligawana kivuli.

Mchezo ulianza vizuri. Beki wa Kebweye alitema meno, akayaweka kwa refa amtunzie. Nyamhanga alifunga bao, na alipokuwa anashangilia akapigwa rungu la kisogo, akaanguka kama gunia. Refa alipuliza faulo, halafu akatazama wenye rungu, akakumbuka kwamba hakuona. Nyamhanga akaburutwa hadi chini ya lori alilokuja nalo Ambokile, akalazwa hapo, macho yamefumba, damu inamtoka sikioni. Kwa hiyo yaliyofuata aliyaona kila mtu isipokuwa yeye.

Hezekia alishika kipaza sauti kutuliza watu.

"Sabasaba!"

"Oyee!" wakaitika watu.

"Mooo," ukaitika mpira.

Ukainuka katikati ya uwanja. Haukudunda. Ulitembea taratibu, ukiyumba huku na huku kama ng'ombe anayerudi jioni na kiwele kimejaa. Ukapita kati ya wachezaji, ukafika kwenye kivuli, ukasimama mbele ya Boke. Refa akapuliza, akaonyesha mpira wa kurusha. Wakaurudisha. Hezekia naye alikuwa mtu asiyeweza kuacha salamu nusu.

"Sabasaba!"

"Oyee!"

"Mooo." Ukarudi tena kwa Boke.

Nyangi akautazama mpira, akamtazama Boke.

"Ng'ombe wa mume wako aliitwa nani?"

Boke akafunga kanga yake upya.

"Ndiye huyu mliyemchinjia mume wangu?"

Nyangi akasimama, akavuka mstari wa chokaa, akamwendea Hezekia mbele ya watu wote.

"Mlezi, ngozi hii umeitoa wapi?"

"Nilimnunua mnadani Mugumu."

"Na huko Mugumu alikuwa anaitwa nani?"

Hezekia akakohoa. "Jumatano."

"Mwite."

"Jumatano!" akaita Hezekia kwenye kipaza sauti. Mpira haukutikisika. Watu wakangoja. Hezekia akajaribu na Alhamisi.

Watu wa Kebweye wakaelewa kwamba mtu wao alikatwa bure. Watu wa Nyaikondo wakaelewa kwamba wao ndio waliomkata bure, na hilo linauma zaidi, kwa hiyo wao ndio walioanza kupiga. Milingoti ya goli iling'olewa. Mtu mmoja aliondoka na sikio ambalo si lake. Wengine waliwakumbuka askari wa mlangoni, wakaenda kuchukua mapanga yao bila kupanga foleni. Kipa wa benchi alikatwa begani, akamwagika udongo kidogo, akamwambia kijana aliyemkata, "Mura, unaharibu panga." Ni hapo mimi nilipolala kifudifudi, kwa hiyo nusu nyingine ya ujuzi wangu wa mpira ni ya nyasi. Askari wakapiga risasi hewani. Walipohesabu, alikufa mmoja wa kila upande, na mechi ikaandikwa sare.

Hezekia alitolewa na mgambo wake, akiwa amepoteza kofia tu.

Jioni ile ile, kabla wazee hawajaitana, Boke alienda kwake. Safari hii hakuna aliyesema shikamoo.

"Unataka nini?" akauliza Hezekia.

"Karatasi."

"Na mwanao akizinduka?"

"Hakuona. Akijua, atakuja hapa na panga, na mgambo wako watamwua mlangoni. Au atakuua wewe, na yeye watamnyonga. Vyote viwili ni chuma na kamba. Andika."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema ngozi ni ngozi."

Hezekia akaandika. Mkono wake ulikuwa na mwandiko mzuri sana.

Wazee wa pande mbili walikaa ritongo, ule mkutano wao wa kukata maneno. Wakauweka mpira katikati, wakauita, ukaitika, wakaandika kichwani kwamba umeitika. Kisha wakasema shahidi lazima ale kiapo, na mpira hauna mdomo, una tundu la hewa tu. Mzee mmoja wa Nyaikondo akaongeza kwamba Hezekia akiondolewa timu itakosa mlezi, na timu zenye walezi wasio wezi yeye hajaziona hata huko Musoma. Wakaagiza ng'ombe mmoja achinjwe, wakanywa supu pamoja. Nyangi alipelekewa paja. Akawapa mbwa.

Hezekia alibaki mlezi wa Chapakazi mpaka meno yakamwisha. Kila mwaka alilalamika kwamba vijana hawana uzalendo, wanakimbilia mijini. Alikufa kitandani kwake, kwa malaria.

Lori la Ambokile liliondoka asubuhi baada ya lile baraza la wazee. Nyamhanga alikuja amefungwa kitambaa kichwani, na mzigo wake wa blanketi ulikuwa mrefu kuliko mzigo wa nguo unavyotakiwa kuwa. Boke aliujua urefu ule. Panga lilikuwa la Marwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifuta damu siku ile ya zizini.

Wachezaji walikuja kuaga. Athanas alikuja na mpira ili uchungwe kidogo kando ya barabara. Kipa wa benchi alisimama nyuma yao, amejifunga bega.

"Nenda, mura," akasema kipa. "Huku hata ukifa hawakuachii namba."

Watu wakacheka, wakanyamaza upesi. Nyamhanga hakucheka.

"Mama, kila mtu ananitazama kama maiti. Wanasema mpira uliitika."

"Watu wa Tarime hawana kazi."

"Wanasema uliitika jina la ng'ombe wa baba."

"Umepigwa rungu, mwanangu, masikio yako bado yana kelele. Mpira unaitikaje? Ngozi ni ngozi. Panda, dereva ana haraka."

"Ng'ombe wetu wewe ndiye uliyekuwa unamkamua. Ungemjua."

"Ningemjua. Ndiyo maana nakuambia siye."

Ambokile, ambaye hakuelewa kitu ila aliona jua limepanda, akawasha injini ya lori mwenyewe. Nyamhanga akaukumbatia ule mzigo mrefu, akaangalia barabara ya kwenda ziwani, halafu ile ndogo inayopanda kwa mwenyekiti. Moshi wa jikoni kwa Hezekia ulikuwa unaonekana. Alikuwa anapikiwa uji.

Mpira ukaacha nyasi. Ukavuka barabara kwa mwendo wake, ukamsukuma Boke gotini mara moja, kama ng'ombe anavyomsukuma mkamuaji aliyechelewa. Boke aliusogeza kwa mguu. Ukarudi. Akainama kuushika, ausukumie kwa Athanas, na viganja vyake vilipogusa mshono, maziwa yakashuka. Yalitoka ya moto, meupe, yanatoa povu, yakampitia vidoleni hadi kwenye viwiko, yakadondoka kwenye vumbi. Athanas akatazama kwa macho ya fundi, akasema mshono unavuja.

Nyamhanga aliweka mzigo chini. Akachuchumaa, akakinga mikono yake chini ya mikono ya mama yake, akanywa. Alikunywa polepole, kama alivyokunywa maziwa hayo tangu alipoachishwa ziwa. Alipomaliza akafuta mdomo kwa kitambaa cha kichwani, kitambaa kikawa na damu na maziwa. Halafu akapanda lori. Mzigo ule mrefu akauacha pale pale chini, karibu na miguu ya Boke.

Lori likaanza kutambaa. Akainama kutoka juu.

"Ngozi tu, mama?"

"Ngozi tu, mwanangu," akasema Boke, akaificha mikono nyuma, na maziwa yakaendelea kudondoka visiginoni.