Foleni ya Nyama ya Mwalimu Hsu

Jumamosi, saa nne asubuhi, theluji ilikuwa imefunika magari yote nje ya duka kubwa la chakula mjini Logan, Utah, na Hsu Yawen alikuwa wa tatu kwenye foleni ya nyama. Alitaka nyama ya tumboni ya nguruwe, yenye ngozi, ya kupika kwa mchuzi wa soya. Kuiagiza kulihitaji sentensi moja tu, na Yawen alikuwa na shahada ya pili aliyoisoma kwa Kiingereza katika chuo kikuu cha mji huohuo.

Zamu yake ilipofika alifungua kinywa, akakifunga. Kando ya friji ya jibini alisimama Brynlee Sorensen, mwanafunzi wake wa darasa la kwanza, akimkodolea macho.

Shuleni kwao watoto husoma nusu ya siku kwa Kichina na nusu kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kichina haonyeshi mbele ya wadogo kwamba anajua Kiingereza, awe darasani, ukumbini au barabarani. Siri ikivuja, Kichina hugeuka maigizo. Wazazi wanaijua, na huitunza kama wanavyoitunza ile ya Baba Krismasi na zawadi zake.

Brynlee alielewa kila kitu, lakini tangu shule ifunguliwe mwezi Agosti hakuwa ametamka neno moja la Kichina. Baba yake, Dallin, alipomuuliza sababu, alijibu, "Niseme ya nini? Jibu mwalimu analijua tayari." Dallin akaomba binti yake ahamishiwe darasa la kawaida, na uamuzi ulikuwa wa Jumatatu. Yawen hakutaka kumpoteza. Mtoto asiyekosea agizo hata moja, kwa hesabu yake, hakuwa ameshindwa.

"Nikukatie nini, mama?" akauliza muuza nyama.

Yawen akaonyesha kwa kidole. Muuzaji akainua mbavu. Yawen akatikisa kichwa. Muuzaji akainua paja la kuku.

"HUYU KUKU," akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa. "KU-KU!"

"Kirt, huyo mama si kiziwi," akasema bibi mmoja nyuma. "Fanya haraka, tutazeekea hapa."

"Wewe Bi LaRue ulifika umeshazeeka."

Foleni ikacheka. Yawen akahisi mkono wa koti lake unavutwa.

"Laoshi," akanong'ona Brynlee, kama watoto wote wanavyomwita mwalimu wao. Kisha, kwa Kichina, polepole kama anayevuka barafu: "Wewe... unataka nini?"

Matamshi hayakuwa sawa. Yawen hakuyasahihisha. Alimjibu kwa maneno waliyojifunza wiki ile: nguruwe, tumbo, ngozi.

Brynlee akamgeukia Kirt. "Anataka nguruwe. Ya hapa." Akajipiga tumboni. "Ngozi usiitoe. Na usimpigie kelele, ni mwalimu wangu."

"Sawa, bosi. Kikubwa kiasi gani?"

Brynlee akauliza, akajibiwa. "Kikubwa," akasema. "Ana njaa."

La njaa Yawen hakulisema.

Kirt alikuwa anafunga kifurushi Dallin alipotokea akisukuma toroli. "Aa, Mwalimu Hsu!" akaanza kwa Kiingereza. "Kuhusu yale tuliyozung—"

Yawen akamtazama bila kupepesa macho.

"Baba," akasema Brynlee kwa huruma, "hajui Kiingereza. Niambie mimi, nitamwambia."

Dallin alimtazama binti yake, kifurushi, kisha mwalimu. "Ulikuwa unaongea naye?"

"Sasa angekula nini?"

"Mwambie basi... mwambie lile ombi langu naliondoa."

"Ombi gani?"

"We mwambie tu kwamba unabaki kwake."

Brynlee akafikiri, kwa kuwa maneno yenyewe hakuwa nayo. Mwishowe akasema kwa Kichina, "Baba anasema: mimi na Laoshi, darasa moja."

"Vizuri sana," Yawen akajibu, kwa Kichina vilevile, akapokea nyama yake.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alimthibitishia kwamba Dallin amepiga simu na kulifuta ombi. Kengele ikalia. Brynlee aliingia, akatundika koti lake, na mbele ya darasa zima akasema kwa Kichina, "Laoshi, ukienda dukani, niite."