Kinyozi wa Baada ya Chai

Kinyozi alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba yeye si mlevi. Walevi hulala mitaroni. Yeye alilala kitandani kwake, mara nyingi akiwa amefanikiwa kuvua hata kiatu kimoja. Walevi hupiga chupa mdomoni. Yeye alikunywa kwenye kikombe cha chai, kistaarabu, palepale kazini. Na kwamba wateja hawakanyagi dukani asubuhi mpaka amalize hiyo "chai" yake? Uvivu tu. Watu wa siku hizi wanapenda kulala.

Mkewe hakuvutiwa na ushahidi huo. "Baba watoto, pombe imekutawala. Ukishindwa kuiacha, mimi na mwanangu tunarudi kwetu."

"Kuiacha?" Kinyozi akacheka. "Nikitaka naiacha hata leo!" Akaapa kwamba hatagusa tone mpaka Jumapili. Chupa hakuimwaga, kumwaga ni woga. Aliifungia kwenye kabati la dukani, ufunguo akauacha palepale kwenye kitasa, ili nayo ionje kudharauliwa.

Kesho yake asubuhi mkewe alimleta binti yao dukani anyolewe, maana ndiyo siku ya kwanza ya shule. Mtoto akapanda kwenye kiti. Bingwa wetu wa kuacha pombe akashika wembe, jasho likimtiririka na baridi yote ile. Wembe ukacheza. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ikawa mikono miwili inayotetemeka. Akalaumu baridi, akalaumu wembe, akakilaumu hata kiti, ambacho masikini hakikuwa na kosa lolote.

Binti alimtazama kwenye kioo, bila hasira wala kejeli. Akateremka, akafungua kabati, akamimina nusu kikombe bila kumwaga hata tone, akamletea kwa mikono miwili.

"Baba, kunywa kwanza," alisema kwa upole. "Wateja wote huwa wanasubiri unywe. Ukishakunywa mkono unatulia."

Mke alisimama mlangoni. Aibu ilimchoma Kinyozi mpaka kwenye mifupa. Lakini alikitamani kile kikombe kuliko alivyotamani kumjibu mwanawe, na hilo ndilo lililomtisha.

Akaweka wembe mezani.

"Mama watoto, mpeleke kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara," alisema. "Halafu rudi unipeleke hospitali. Nikienda peke yangu sitafika."