Hali Yangu Niulizwe Mimi

Neno la kwanza kurudi mdomoni mwangu baada ya kiharusi lilikuwa "ndiyo", na limeniletea balaa. Ukiniuliza kama nina kiu, ndiyo. Ukiniuliza kama nimeshiba, ndiyo. Nikitaka kukataa, kichwani "hapana" limesimama wima, tayari kutoka, lakini likifika kwenye ulimi linageuka "ndiyo". Mimi huyu, niliyefundisha Kiingereza mpaka wanafunzi wangu wakaniletea watoto wao niwafundishe! Mkono wa kulia umelala na mdomo umekwenda upande, ila akili haijaenda popote. Hilo ndilo watu wamekataa kuliamini.

Aliyelifurahia zaidi hilo "ndiyo" ni mdogo wangu wa kiume. Ana roho nzuri, simnyimi haki yake, lakini ana haraka za mtu aliyezoea kusimamia ghala. Kila kitu lazima kiwe na mahali pake, na mahali pangu ameshapaona: chumba cha nyuma, nyumbani kwake.

"Dada, utahamia kwangu, sivyo?" aliniuliza huku macho yake yakiwa kwenye simu.

"Ndiyo," nikasema, machozi ya hasira yakanitoka. Akadhani ni ya furaha, akanipigapiga begani.

"Usijali. Ukipona utarudi kwako. Nyumba haina miguu, itakusubiri."

Ukipona! Na nani atakayesema kwamba sasa nimepona? Yeye, bila shaka, kama anavyosema mzigo huu utoke na ule ubaki. Nilijua nikitoka kwenye nyumba ile niliyoijenga mwenyewe, sirudi.

Kesho yake alikuja binti wa hospitali anayefundisha watu wa aina yangu kusema upya. Kimoyomoyo nilikuwa nimempa jina la Kadi, kwa sababu ya kadi zake za picha: kijiko, paka, kiatu. Siku hiyo nilizisukuma zote zikaanguka chini.

"Leo mwalimu kaamka vibaya," alisema, akaziokota bila kununa.

Nikamwonyesha kwa kidole kamusi kubwa ya Kiingereza kwenye rafu, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi. Akaiteremsha, vumbi likampigisha chafya. Nilipekua kwa mkono wa kushoto, nikachana kona ya ukurasa mmoja, mpaka nikalifikia neno nililolitaka: "heal".

"Kupona," Kadi akasema.

Nikagonga ukurasa. Soma, wewe!

Akasoma polepole. "Limetoka kwenye neno la kale lenye maana ya kitu kizima, kisichopungua. Ndugu zake ni 'health', yaani afya, na 'whole', yaani kizima." Akautupia jicho mkono wangu uliolala mapajani, kisha akajitia kutafuta kalamu.

Somo hilo nalijua. Nimelifundisha miaka yote, tena kwa mikogo, nikichora kwa chaki mstari kutoka neno moja kwenda jingine: wanangu, kupona ni kurudi kuwa mzima. Sasa lilikuwa limekuja kunikaba mwenyewe. Mkono huu daktari ameshasema haurudi. Kama kupona ni kutopungua, basi mdogo wangu ameshinda, na hata kamusi yangu iko upande wake. Nilitamani kuitupa dirishani.

"Kuna ndugu mwingine hapa," Kadi alisema. "'Hail'. Si ile mvua ya mawe, hili ni la salamu. Watu wa kale wakikutana walikuwa wanatakiana uzima." Akacheka. "Kumbe na wao! Kama sisi tu. Mzima?"

"Mzima," nikasema.

Tulitazamana. Neno lilikuwa limetoka safi, halikujikwaa popote.

"Hujambo, mwalimu?" akanijaribu.

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Unataka chai?"

"Ndiyo," nikasema, na chai sikuitaka hata kidogo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akanieleza kwamba salamu hukaa mbali na maneno mengine kichwani, kwa hiyo kwa wengi hunusurika.

Alipoondoka nilibaki nikiwaza. Fundi viatu wa pale kona ana jicho moja. Kila asubuhi nilikuwa namuuliza, mzima? Ananijibu, mzima. Sijawahi kumwambia ahesabu macho yake kwanza. Hali ya mtu huulizwa mwenyewe, na jibu lake ndilo hilo hilo, hakuna wa kulikagua. Moyo wangu ukatulia, kisha ukachemka upya.

Jumamosi mdogo wangu alifika na gari la mizigo. Aliingia, akanipita pale kwenye kiti kama anapita kabati, akamgeukia dereva. "Tuanze na godoro au na mgonjwa?"

Walianza na godoro. Walipolifikisha barazani nikapiga moyo konde, nikashika fimbo, nikajiburuta hadi mlangoni. Nikasimama katikati yake.

"Dada, vipi tena? Si tulikubaliana? Tunaondoka, sivyo?"

Nikalisikia "ndiyo" linakuja. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikalimeza. Kisha nikamkazia macho kama nilivyokuwa nalikazia darasa lililosahau kusimama mwalimu akiingia. Nikangoja.

Aliyeelewa kwanza ni dereva. Aliliachia godoro upande wake, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzima wewe?"

"Mzima."

Mdogo wangu alikuwa bado ameshikilia upande wake wa godoro. Tangu nitoke hospitali alikuwa anauliza watu wengine habari zangu, mimi nikiwa nimeketi pale pale nawasikiliza. Nikamgeukia yeye. Aibu ilimpanda taratibu, nikaiacha impande, kwa sababu ilikuwa haki yake.

"Shikamoo, dada," alisema hatimaye.

"Marahaba."

Alinitazama usoni, kwenye mdomo uliopinda, akashuka mpaka kwenye mkono. "Mzima, dada?" Safari hii alikuwa anauliza kweli.

"Mzima!" nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani, ile ya kufika viti vya nyuma.

Alishusha pumzi. "Sasa unataka nini? Sema. Nitangoja."

Akangoja kweli. Nililitafuta neno, nikalikosa. Basi nikaiegemeza fimbo ukutani, nikashuka barazani nimejishikiza kwenye fremu ya mlango, nikakamata ncha ya godoro kwa mkono wa kushoto, nikavuta.

"Utaanguka, dada!"

"Ndiyo," nikamwambia, nikaendelea kuvuta godoro langu kuelekea ndani.