Askofu Aliyekunywa Kahawa

Wa kwanza kumbwekea Ammon Thorley alipoingia mji wa Enos alikuwa mbwa wake mwenyewe. Ammon hakumlaumu. Zile ndevu zake zilizokuwa zikimfika kifuani alikuwa amezinyoa, koti jeusi la ibada kaliacha huko milimani, kwenye kambi ya kondoo alikojificha tangu theluji ilipoyeyuka, na sasa alinuka kondoo mtupu. Mgongoni alibeba sufuria na vikombe vya bati. Alikuwa mchuuzi, mtu wa kupita tu.

Na mji wenyewe aliuanzisha yeye! Alivuka nyanda akisukuma mkokoteni, akafika Utah, magharibi ya Marekani, miguu imechanika, akachimba mfereji wa maji na Wamormoni wenzake, watu wa dini iliyoruhusu wake wengi, akajenga kinu cha kusaga ngano, akafungua duka la ushirika, na watu wakamfanya askofu wao. Wake alikuwa nao wawili, Thirza na Keturah, na hakuona la kuficha hapo. Serikali ndiyo iliyoliona. Ilitangaza kwamba mwenye wake wawili ni mhalifu, ikamwaga askari mabondeni wawasake waume wa namna hiyo wawatie gerezani. Askari wenyewe wajanja: leo hujifanya wachuuzi, kesho mafundi wa saa.

Kwa hiyo Ammon, kabla ya kukimbia, alisimama kanisani akawafundisha watu wake kushuku. Kwa mgeni kisinunuliwe kitu. Mgeni asijibiwe swali. Mgeni apewe kahawa, akiinywa si mwenzetu, maana sisi kahawa tumekatazwa. Watoto aliwafundisha mmoja mmoja, wamesimama wima mbele yake: ukiulizwa baba yako ni nani, sema hujui. Wakikosea, wanarudia.

Sasa Keturah alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kesho yake ilikuwa Alhamisi ya kufunga, siku ambayo akina baba huwashika watoto wachanga kanisani, wakawapa jina na kuwabariki. Kanisani Ammon asingethubutu kutia mguu. Alitaka tu amshike mwanawe nyumbani, ampe jina kwa kinywa chake mwenyewe, atokomee. Akikamatwa, ni gereza, na mtoto atapewa jina na mtu mwingine.

Njiani alimkuta Dada Bodil Madsen, muumini wa kanisa lake, akikata matufaha ya kukausha juani.

"Sinunui," Dada Bodil alisema kabla hajaulizwa.

"Hata bei hujaisikia, mama." Ammon aliipinda sauti yake, akaongea kama wale watu wa migodini.

"Ya nini niisikie? Sisi tuna duka letu. Askofu wetu alisema bati la mgeni linatoboka kabla halijaona moto."

Ni kweli alisema, tena mimbarini, mwaka ule duka lake lilipojaa bati lisilonunulika.

"Na huyo askofu wenu yuko wapi?" Likamtoka tu.

Dada Bodil alikiweka kisu chini. "Askofu yupi?"

"Si huyo uliyemtaja sasa hivi!"

"Mimi? Mimi nimetaja matufaha. Nikuletee kahawa, baba? Umechoka."

Ammon alishukuru, akashika njia. Alifurahi kwamba mji umeshika somo, na hapo hapo akaumia. Halafu akaanza kuwaza. Mbona mama huyu alikuwa mwepesi hivyo wa kuleta kahawa? Aliipata wapi? Nyuma yake alisikia mlango wa Dada Bodil ukifungwa kwa komeo, na shaka ikamkaa rohoni.

Kwa Keturah, binti yao Arvilla alikuwa ameketi kizingitini akimenya maharage. Msichana wa miaka sita huyo, mkaidi kama baba yake.

"Mama yako yupo?"

"Sijui."

"Na huyo anayeimba humo ndani?"

"Sijui."

"Wewe unaitwa nani?"

"Sijui."

"Hata jina lako hulijui?"

"Jana nililijua."

Ammon alitaka kucheka, akasikia kwato. Askari wawili wakatokea kwenye kona ya kinu, na mmoja wao, Pruitt, mwenye shingo nyekundu, alishuka akamkodolea macho usoni. Ndani, wimbo ulikatika.

"Wewe. Paji la uso limeungua jua, kidevu cheupe kama unga. Umenyoa lini?"

"Juzi, bwana. Akina mama hawanunui kwa mtu mchafu."

"Nimeambiwa humu kuna kichanga, na kesho baba yake atakitafuta." Pruitt alichomoa chupa mkobani, akajaza kimojawapo cha vikombe vya Ammon. "Kahawa ya asubuhi. Imepoa, lakini mchuuzi hachagui. Kunywa."

Tangu abatizwe Ammon hakuwahi kuionja. Aliwahi kumwaibisha mzee wa watu mbele ya kanisa kwa kikombe kimoja tu. Akainua kikombe, akanywa chote. La kumtesa zaidi, ilikuwa tamu.

Pruitt akamgeukia mtoto. "Haya, binti. Huyu ni baba yako?"

Arvilla alimtazama Ammon midomo, akatazama kikombe, akamtazama tena.

"Si baba," alisema. "Baba hanywi hiyo takataka."

"Baba yako ni nani, basi?"

"Sijui."

Askari yule mwingine alicheka hadi akashika tandiko. Pruitt hakucheka, ila alipanda farasi wake, wakateremka kuelekea kwa Thirza.

Vumbi lilipotulia, Keturah alifungua mlango, mtoto kifuani, machozi yakimtiririka. "Nimekutambua kwa mgongo, Ammon. Ingia haraka. Arvilla, mpishe baba yako."

Arvilla hakusogea. "Huyu? Amekunywa kahawa."

Ammon alichuchumaa mbele yake. Sauti ya uchuuzi aliiacha, akaongea kwa yake mwenyewe. "Mwanangu, ulinitambua, sivyo? Ulisema vile ili uniokoe."

Arvilla aliinuka, akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, vile vile kama alivyofundishwa.

"Sijui," alisema.

Ammon alingoja acheke. Hakucheka. Mwishowe mama yake alimvuta bega, Ammon akapita, akampokea mwanawe, akampa jina na kumbariki harakaharaka huku ameugeuza mdomo pembeni, asimpulizie kahawa usoni. Arvilla alibaki mlangoni muda wote, barabara kaipa mgongo, macho yake kwa yule mwanamume.