Nikiiona Nitaijua

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Kitanda kikihamishwa wodi bila namba yake kuandikwa, namfuata muuguzi hadi chumba cha chai. Nina diploma ya kazi hii, na kwa miaka kumi na saba sijapoteza hata stuli. Ndiyo maana haya yananiwia vigumu kuyaandika.

Laptopu ya binti yangu iliibwa nyumbani Jumanne mchana. Ilikuwa mezani, dirisha wazi. Asubuhi ya siku hiyo fundi mmoja, wanamwita Waya, alikuja kutengeneza soketi ya jikoni. Kituoni, askari wa kike alinipa fomu. Palipotakiwa namba ya mashine nikaandika: ya kijivu, ina mkwaruzo kwenye kona. Boksi lenye namba nilikuwa nimelikata siku nyingi, nikalitandika chini ya vitunguu.

"Mama, huu ni mkwaruzo," askari akasema. "Mimi nataka namba."

"Nikiiona nitaijua."

Siku ya nane nikaiona, juu ya meza ya Waya, kwenye kibanda chake cha kutengenezea vitu vya umeme. Ya kijivu, mkwaruzo kwenye kona, kitufe kimoja kimeng'oka. Palikuwa na wateja watano. Sikuuliza kitu. Nilisema, kwa ile sauti ninayoitumia kwenye korido ndefu, kwamba huyu ni mwizi, nilimfungulia mlango na chai nikampa.

Waya akaweka bisibisi chini. "Mama, hii ni ya mteja. Ni mwalimu."

"Haya, na mimi ni rubani."

Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, na hilo nalo lazima niliseme. Mama mmoja akanyoosha mkono, akachukua simu yake ikiwa bado imefunguliwa mgongo. Mzee mmoja akabeba pasi yake ya umeme. Wote wawili wakaondoka bila kuaga.

Nikampigia yule askari, akaja kwa miguu. Akaigeuza mashine, akatazama stika ya chini. "Namba umeipata?"

Sikuwa nayo. Nikampigia binti yangu chuoni.

"Ninayo, mama. Niliipiga picha siku tuliyoinunua. Si wewe uliyenifundisha, kule stoo kwako? Juzi nilitaka kukuambia, ukasema nisikupotezee muda, mwizi unamjua."

Picha ikaingia. Nikasoma kwa sauti ili kila mtu asikie, askari akifuata kwa kidole. Herufi mbili za mwanzo, sawa. Saba, sawa. Nne na nne, sawa. Nikamtazama Waya, nikatabasamu. Zikabaki tatu.

"Mbili, sita, tisa."

Askari hakusema sawa. "Hapa ni nane, sifuri, moja."

"Soma tena."

Akasoma tena. Kisha akanipa mashine nisome mwenyewe, kama ninavyowafanyia wauguzi. Nane, sifuri, moja. Hata ule mkwaruzo, nilipoutazama vizuri, ulikuwa kona ya kushoto. Wetu uko kulia.

Waya alifungua daftari lake. Kila mashine iliyopita hapo ilikuwa na mstari wake: namba, mwenyewe, simu, tarehe. Ya mwalimu ilikuwemo, nane sifuri moja. Angeweza kunionyesha tangu mwanzo, lakini nani angepata nafasi ya kusema.

"Nisomee yako," akasema. "Ikiletwa hapa nitaijua."

Nikaanza kusoma.

"Sauti, mama. Mwanzo nilikusikia vizuri tu."

Hakuna aliyecheka. Nikasoma namba yote kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha, kwa sauti ileile, nikasema kwamba Waya hajaiba, nimemsingizia, na ninamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akaokota bisibisi yake. Hakusema yamekwisha.

Nilimfuata yule mama mwenye simu. Nilimkuta dukani kwa muuza nguo, tayari anasimulia kuhusu Waya mwizi. Nikamwambia mbele ya muuza nguo kwamba mwenye kosa ni mimi. Akanitazama juu hadi chini, akauliza kama leo nina uhakika. Hilo nalo nililistahili.

Yule mzee wa pasi sikumpata. Kila nikitoka kazini napita njia ile, namtafuta. Binti yangu ananiuliza nitamtambuaje.

Sura yake sikuitazama, nilikuwa natazama mkwaruzo.