Siku Nakuja Alipotulia Nyumbani

Mtaa mzima ulimwita Nakuja, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Fundi bomba huyo ukimpigia simu kwamba maji yamefurika jikoni, atakujibu "Nakuja, niko njiani," kumbe bado anatafuta kiatu chini ya kitanda. Na akitoka nyumbani, chai haijapoa, anamwambia mkewe vilevile: "Nakuja." Mama Pacha alishazoea. Aliolewa na mtu wa mlangoni.

Basi asubuhi moja, baada ya kuugua muda mrefu, Nakuja akavuta pumzi, akaiachia, na nyingine haikufuata. Mama Pacha akamwita, akamtikisa. Kisha akalia, akalia hasa, kichwa kifuani pa mumewe. Alipotulia akampigia simu muuguzi aliyekuwa akija kumhudumia.

"Nifanye nini sasa, mwanangu?"

"Pole sana, mama. Hakuna haraka. Mfumbe macho, mlaze vizuri, fungua dirisha. Nitakuja na daktari athibitishe. Akikaa hapo mpaka jioni si vibaya. Kaa naye tu."

Kaa naye! Tangu aolewe, nani aliwahi kumwambia hivyo?

Daktari alipokwisha kuthibitisha na kuondoka, Mama Pacha akavuta kiti. "Haya, baba watoto, leo utanisikiliza mpaka mwisho." Akammwagia yote: ugomvi wa kuku na jirani, ndoto ya simba aliyevaa miwani, na kwamba alimpenda, mshenzi yule, alimpenda sana. Wanawake wa jirani wakaingia wakilia. Hata hawajafuta machozi, mmoja akakumbuka siku Nakuja alipoziba bomba lake kwa kidole gumba huku akipiga mayowe, "Jamani, niitieni fundi!" Kicheko kikawapasuka.

"Toba! Tunacheka mbele ya maiti?"

"Maiti gani? Huyu mume wangu," akasema Mama Pacha. "Chekeni."

Aliyekuwa hacheki ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Tangu afike alikuwa barazani, simu sikioni, akiamrisha kila mpita njia. Mama Pacha akamfuata.

"Shemeji, nimeshaita gari la mochwari," akasema yule kaka mtu. "Tumwondoe, mambo yaende."

"Yaende wapi? Miaka yote nimeomba siku moja tu na mwanamume huyu. Leo nimeipata, wewe unaniletea gari!"

"Maiti si wa kukaa naye, shemeji. Mimi siwezi hata…" Akaupa mlango mgongo.

Mama Pacha akamtazama vizuri. Loo! Mzee wa watu hakuwa na haraka yoyote, alikuwa na hofu. Akamshika mkono, akamwingiza ndani taratibu.

Shemeji akasimama mlangoni, akatazama, akatazama tena. "Mbona amependeza hivi?" akanong'ona. Akaketi kitandani, akaushika mkono wa mdogo wake, machozi yakamtiririka huku anatabasamu. Muda si muda akawa anawasimulia wanawake jinsi walivyoiba asali utotoni, nyuki wakawakimbiza mpaka kanisani, katikati ya harusi ya watu. Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu.

Nje, gari likapiga honi. Likapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Shemeji akatoa kichwa dirishani, amefura. "We dereva! Hebu acha makelele yako, urudi jioni. Mdogo wangu amepumzika."