Safari Aliyoiacha Okemwa

Kila njia nzuri ya baiskeli katika vilima vya majani chai vya Nyamira inapita kwenye kona ile. Nimejaribu kuikwepa. Jumatano moja nilikaa na Zubair dukani kwake, pale Kisii mjini anapouza vipuri vya baiskeli, tukatandaza ramani juu ya kaunta tukawa tunaivutavuta kama watu wanaogombania blanketi. Tukishika barabara ya Keroka tutakimbizana na malori. Tukipita juu, hakuna cha kuona ila mabati ya watu. Ukitaka majani chai pande zote mbili, na udongo mwekundu unaoteremka kuelekea Nyaramba, lazima ushuke hadi kona ya daraja la mbao. Na pale ndipo alipofia Okemwa, mwenzetu wa baiskeli.

Safari yenyewe ilikuwa yake. Ni yeye aliyetusumbua tuache kuzunguka mjini kila Jumapili kama kuku waliofungwa kamba, twende tukalale Nyaramba, tule, tucheke, turudi. Akaenda peke yake kuikagua njia, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Akateleza. Tangu hapo kikundi chetu kimekuwa kikiahirisha, na mimi nilikuwa nimechoka kuahirisha. Mimi ni mfamasia. Kutwa nauza dawa za vidonda vya watu, changu sijui nikipake nini. Nilitaka twende, au tuseme waziwazi kwamba hatuendi tena.

"Mimi hiyo kona sipiti," Zubair alisema. "Utanisamehe."

"Unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Kwani wewe huogopi?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumkera wakati simu zetu zilipolia pamoja. Sote tunatumia programu moja inayorekodi safari za baiskeli yenyewe, bila kubonyezwa. Mmoja akimaliza, wenzake wanaarifiwa. Kwenye kioo paliandikwa: Okemwa amemaliza safari.

Zubair alisoma dua chini kwa chini. Mimi nikafungua nione. Mstari ulianzia kwenye kona ya daraja la mbao, ukapanda kilima, ukaishia mbele ya boma la kina Okemwa. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea kwa miguu.

"Hiyo simu iliibwa," Zubair alisema. "Kuna mjinga anajibamba nayo."

"Mwizi gani huyo anayepeleka mali nyumbani kwa mwenyewe?"

Zubair aliikunja ramani akaniambia anafunga duka, na jua lilikuwa bado juu.

Jumapili asubuhi nilipanda baiskeli yangu nikaenda huko peke yangu. Sikumwambia mtu, maana angenizuia na ningekubali haraka. Kwenye kona ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mbao za daraja, na mahali fulani mtu alikuwa akiita ng'ombe, lakini sikumwona. Kisha nikasikia mnyororo wa baiskeli, tik, tik, tik, polepole. Okemwa hakuwahi kuutia mafuta inavyofaa, ningeutambua popote.

Ilitokea baiskeli yake kwanza, halafu mkono wa mwanamke, halafu Mama Persis mzima, mamake Okemwa, amevaa sweta ya kanisani na gambuti.

"Bwakire, Kwamboka," alinisalimu, kana kwamba tumekutana sokoni.

"Bwakire, Mama. Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kumchukua."

Simu ya Okemwa ilikuwa palepale kwenye usukani, kwenye kishikizo chake. Aliona ninavyoitazama. "Naichaji, na wiki hii nimeiwekea bando," alisema. "Mtu akimtafuta asimkose."

Kwao, mtu akifia njiani, jeneza hupitishwa pale alipoangukia, aitwe kwa jina, aambiwe waende nyumbani. Siku ya mazishi barabara hii ilikuwa tope tupu, na dereva wa gari la maiti akashika lami. Wazee wa kanisa wakasema hakuna neno, Mungu hahitaji kuelekezwa njia. Tukaitikia amina, tukazika.

"Tulizika mwili," Mama Persis alisema. "Yeye hajafika. Nikimwita hapa, hii baiskeli inakuwa nzito, kama imebeba mtu. Naisukuma mpaka kwa geti. Pale kwa geti inakuwa nyepesi tena. Kila mara. Anafika hapo, halafu anarudi." Alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Mwite wewe. Labda mimi amenikasirikia. Nyinyi mlikuwa mnasikizana."

Sikuamini. Lakini mama yule alikuwa amekonda mpaka sweta ilimning'inia, na kitu pekee alichotaka duniani ni mwanawe avuke lango la kwao. Ningemkataliaje? Tukabadilishana: mimi nikashika baiskeli ya Okemwa, yeye akashika yangu. Nikafungua mdomo nikamwita kama nilivyozoea kumwita asubuhi za Jumapili, nikiwa nje ya dirisha lake.

"Okemwa, toka. Twende."

Baiskeli ikazama mikononi mwangu. Sitaki kubishana na mtu, mimi nilikuwepo. Magurudumu yalibonyea kwenye udongo jinsi yanavyobonyea mtu akikaa. Tukaanza kupanda kilima. Sikugeuka nyuma hata mara moja, na jasho lilinitoka katika baridi ile. Mama Persis alizungumza njia nzima, wala si na mimi: kwamba ng'ombe alizaa, kwamba Jemimah dadako amepata kazi, kwamba kitanda chako bado kimetandikwa.

Lango lilikuwa wazi. Nilimwomba Mungu amwingize ndani, nikamwomba na Okemwa mwenyewe. Gurudumu la mbele lilipogusa mstari wa lango, uzito wote ukatoka, nikapepesuka nusura nianguke.

"Ametoka, Mama," nikasema, nikaanza kulia.

Mama Persis alikuwa amesimama nyuma yangu na baiskeli yangu, ameitanua miguu, akiizuia kwa nguvu isirudi nyuma.

"Hii yako imekuwa nzito," alisema.

Tulitazamana. Nililia kwa woga na kwa haya, maana nilijua namna nilivyomwita. Sikumwambia twende nyumbani. Nilimwita kama mtu wa safari.

"Ile safari yenu," Mama Persis aliuliza, "mliwahi kwenda?"

"Hapana, Mama. Tuliiacha."

Aliukanda usukani wangu kwa kidole gumba. "Huyu mtoto hakuwa mtu wa kuacha kitu katikati," alisema. "Hata uji."

Akanikabidhi baiskeli, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na mfuko wa ndizi za kuchemsha, bado moto, akaufunga kwenye keria. Zilikuwa nyingi kuliko za mtu mmoja. Kisha akaweka mkono juu ya kiti, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akauacha hapo.

"Nendeni mkamalize," alisema. "Halafu umrudishe, Kwamboka. Umlete mpaka ndani."